Kigoda cha Marehemu Mzee Semboja

Profesa Malunde, Mnyamwezi aliyetafiti utani na mazungumzo ya watu, alipomaliza kumhoji Bi Sikudhani, mjane wa Kizigua, alikibeba kigoda cha marehemu mumewe.

"Hiki kinakwenda chuoni. Sisi ni watani, bibi. Mtani akichukua, hununi."

Majirani waliokuja kusikiliza mahojiano wakasogea karibu. Bi Sikudhani akacheka.

"Kweli, mwizi wangu! Na akinuna je?"

"Hulipa faini. Aliyenuniwa ndiye anayeichagua."

"Hebu liseme hilo kwenye kinasa sauti chako, wasomi wenzako walisikie."

Profesa akalisema mara mbili, kwa sauti ya darasani, kisha akaliendea gari lake. Hapo akapapasa mifuko yote.

"Bibi, umeona funguo zangu?"

"Nimezifunga kwenye pindo la kanga. Utarudi Tabora kwa miguu, kama babu zako wapagazi."

"Acha upuuzi, mama! Nina mkutano kesho! Lete funguo!"

Vigelegele vikalipuka. Bi Sikudhani akamrudishia funguo kwa mkono mmoja, akanyoosha wa pili.

"Umenuna, mtani, na kinasa chako bado kinarekodi. Faini yangu ni kigoda."