Tope la Kisimani

Wapendwa, vumilieni nikisema polepole.

Walikuwapo wachimbaji wa kisima katika kijiji kikavu. Walikuwa wamefika chini sana, maji hakuna, na mafuta ya mtambo yalikuwa yanakwisha. Ng'ambo ya vilima, kijiji cha jirani kilipata maji chini ya tabaka la mwamba lenye visukuku, mabaki ya viumbe wa bahari ya kale, vidogo kuliko chembe ya chumvi. Kama tabaka hilo lilifika na hapa, waendelee kuchimba. Kama halikufika, wahamishe mtambo, kijiji kibaki na kiu yake. Akaitwa mama mmoja mtaalamu, aje na hadubini yake aamue.

Msimamizi, kwa kumheshimu mgeni, akaagiza mawe yote yaliyotoka shimoni yaoshwe na kupangwa juu ya turubai.

"Karibu, mama. Tumekuoshea. Haya hata sebuleni unaweza kuyapanga."

Mama akayatazama. "Na tope lake?"

"Tumelimwaga. Tungekuletea uchafu kweli?"

"Huo uchafu ndio ulionileta, baba. Meno ya mtambo husaga visukuku vikubwa. Vidogo hupanda vizima, ndani ya tope."

Mama akamwona mchimbaji mmoja amejibanza nyuma ya gari.

"Wewe, njoo."

"Sifai kusogea, mama. Nimetoka mtamboni sasa hivi, angalia nilivyo."

"Ndiyo maana nakuita."

Akamkwangua tope kwenye suruali, akalichuja taratibu, akaiinamia hadubini. Akakaa hivyo muda mrefu.

"Ni vile vile vya ng'ambo," akasema. "Mwamba ni mmoja. Chimbeni."

Ndugu zangu, sisi tukifiwa tunafanya nini? Si tunaosha? Tunasoma wasifu: shule alizosoma, cheo chake, nyumba aliyojenga. Yale madogo tunayamwaga.

Mnajua nimemzika mke wangu juzi. Mmenifariji kwamba nitamwona tena, nami naamini. Lakini usiku wa maombolezo najiuliza swali lingine: mimi na yeye ni mwamba mmoja? Yeye alimpa mpita njia maji kabla ya kumuuliza jina. Alisemwa vibaya, akaendelea kupepeta mchele wake. Bwana akinikwangua mimi, atayakuta hayo?

Na wewe uliyemrudisha mtu mlangoni jana, kisha leo ukavaa vizuri ukaja hapa, Bwana akikukwangua wewe atakuta nini?