Kokushubira na Njia Iliyoishia Machoni

Mmemsikia mjomba wenu akisema, "Njia ikiishia machoni, muulize aliyetangulia," nanyi mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Yalianzia humu humu nyumbani kwetu, na ilikuwa hivi.

Dada yangu Kokushubira aliugua saratani ya titi akiwa bado msichana, mwalimu wa shule ya msingi. Hospitalini alikubali kuingia katika utafiti wa dawa mpya. Baadhi ya wagonjwa walipewa dawa ya zamani, wengine hiyo mpya. Yeye akaangukia mpya. Utafiti ulipokoma baada ya miaka miwili, wengi wa waliotumia dawa mpya walikuwa hai, na dada alikuwa amerudi darasani.

Ndipo Rwegasira akaja kumposa. Dada alimpenda, lakini akakataa.

"Dawa imepimwa miaka miwili tu," alimwambia. "Sitaki nikuache mgane ungali kijana."

Rwegasira aliondoka kichwa chini. Baba alipoona binti yake anamwagia machozi mchicha anaouchambua, akampeleka kwa Daktari Nyangoma, aliyeusimamia utafiti ule.

"Daktari, mwanangu ataishi?"

"Mzee, utafiti wetu umeishia mwaka wa pili. Zaidi ya hapo hatukuona."

"Hakuna waliotutangulia?"

"Wapo. Nchi nyingine walianza kuijaribu mapema. Tumeomba taarifa zao, tunazisubiri."

Mwezi uliofuata akawaita.

"Wagonjwa wa kule wamefuatiliwa miaka mingi," alimwambia Kokushubira. "Tuliwachagua wanaofanana na ninyi: ugonjwa ule ule, umri ule ule, dawa ile ile. Wasiofanana tukawaweka kando. Miaka yao miwili ya kwanza ilikwenda kama yenu. Baada ya hapo vifo vikazidi kupungua, na waliovuka miaka ya mwanzo wengi wao wanaishi karibu sawa na wanawake wasiougua."

"Kwa hiyo nitazeeka?"

"Hiyo siwezi kukuahidi. Haya ni makadirio, na makadirio huweza kukosea. Lakini ungekuwa mdogo wangu, ningeshashona nguo ya harusi."

Dada akaangua kicheko. "Basi kashone!"

Rwegasira akaitwa, na safari hii dada akamkubali. Harusi ile! Vigelegele vilivuka bonde. Daktari Nyangoma alikuja na nguo mpya, akacheza vibaya mpaka wapiga ngoma wakashindwa kupiga kwa kucheka. Katikati ya furaha hiyo jirani mmoja akamuuliza baba, "Umethubutuje kumwoza binti ambaye hujui kesho yake?"

Baba akajibu kwa sauti, "Njia ikiishia machoni, muulize aliyetangulia. Sisi tumeuliza."

Watu wakapiga makofi, wakaondoka na maneno hayo, na kabla ya mavuno yalikuwa yakisemwa hadi sokoni.

Na huyo Bibi Mkubwa wenu mwenye mvi, anayewaita sasa hivi mkale, ndiye Kokushubira mwenyewe. Nendeni, ndizi zinapoa. Na siku mtakaposhindwa kuona mbele, msikae mkilia: njia ikiishia machoni, muulize aliyetangulia.