Kwa Nini Wimbi la Pichani Halianguki

Zamani hizo, huko Japani, mawimbi ya pichani yalikuwa yakianguka. Wachongaji wa pwani waliionyesha bahari ikiwa imekwisha kufanya lake: mashua zimepinduka, makasia yamevunjika, watu wanaelea kifudifudi. Picha hizo zilichapwa kwa mbao za kuchonga, zikabandikwa milangoni ili watoto waiogope bahari.

Katika kijiji kimoja aliishi Otsune, mwanamke aliyerithi patasi za baba yake. Mumewe, Yahei, alikuwa mpiga kasia. Asubuhi moja ya baridi mashua tatu zilitoka kupeleka samaki mjini, na Yahei alikuwa katika ile ya mbele. Otsune alikuwa juu ya jabali akiokota kuni. Aliliona wimbi likiinuka, likapanda juu sana, hata mlima wa theluji ulioko mbali ukawa kama kichuguu chini yake. Wapiga makasia wakainama. Otsune akafumba macho. Alipoyafumbua, bahari ilikuwa tupu.

Matanga yalipokwisha, baba mkwe wake, mzee Genzo, mwenye zile mashua, alimwomba achonge picha ya msiba ule. Otsune alichonga mwezi mzima. Alipochapa karatasi ya kwanza kwa wino wa buluu, Genzo aliitazama akakunja uso.

"Mwanangu, hujamaliza. Wimbi bado liko juu."

"Nimemaliza, baba."

"Lilianguka. Kijiji kizima tulisikia kishindo."

"Mimi sikuliona likianguka," alisema Otsune. "Nimechonga nilichokiona."

Mzee akageuka aende zake. Lakini wajane wengine walikuwa wamekwisha kuingia, wamesongamana juu ya karatasi. Mmoja aliweka kidole penye mtu mdogo katika mashua ya kati.

"Huyu wangu," alisema. "Bado ameshika kasia."

Genzo akarudi. Aliinama, akamtafuta mwanawe kwa muda mrefu. Akampata. Aliiomba karatasi ile kwa mikono miwili, akaenda nayo kwake.

Na tangu siku hiyo, wachongaji wa pwani ile hulisimamisha wimbi kabla halijaanguka. Povu hulichonga watakavyo, hata liwe na kucha kama za tai, lakini kuanguka kwake hawakuchongi. Anayejifunza kazi akiuliza sababu, huambiwa kwamba waliomo mashuani wana watu wao nchi kavu wanaowatazama.