Kwa Nini Mfupa Hauulizwi Umri Wake

Bonde letu lilipokuwa bado changa, kila mnyama alijitajia umri wake mwenyewe na hakuna aliyembishia. Umri haukuwa na faida yoyote, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kuudanganya.

Ukaja ukame. Maji yote ya bonde yakabaki dimbwi moja, na Kiboko, ambaye tayari alikuwa amelala ndani yake, akajitangaza mwenyekiti wa Baraza la Maji. Baraza likaamua kwamba wakubwa wanywe kwanza. Kesho yake wanyama wote wakaamka wazee. Kobe alisema alikuwepo nyota zikitundikwa. Punda Milia alidai kwamba huyo Kobe amekuwa akimpa shikamoo tangu utotoni mwake. Kiboko hakutaja umri wake; alisema tu kwamba mwenyekiti hahojiwi.

Mwisho wa foleni alikuwa Bi Teketeke, kiumbe wa matopeni, bapa kama jani, asiye na mfupa, gamba wala jino. Jua lilikuwa limeanza kumkunja pembezoni. Foleni ingeendelea vile, angekauka kabla zamu yake haijafika.

"Wanangu," alisema, "mkubwa hapa ni mimi."

Punda Milia alicheka mpaka akalazimika kukaa chini.

"Bibi," alisema Kiboko, "lete mtu wa rika lako athibitishe."

"Rika langu limekwisha, mwanangu. Wamelala matopeni, chini kabisa."

"Basi waje. Baraza halipokei udhuru wa kufa."

"Muulizeni Mlima."

"Mlima si mjumbe wa Baraza hili."

"Ndiyo maana namtaka. Hapa kila shahidi ana kiu. Mlima hanywi."

Kobe akaangalia pembeni. Kiboko akatafuta kifungu cha kulikataa hilo, kisha akaamuru Mlima aulizwe.

Mlima alikuwa jirani mkimya, mvuta moshi. Kila alipopiga chafya, majivu yalifunika bonde zima. Wanyama walilalamika, kisha wakasahau. Sasa akasema, bila haraka:

"Katika majivu ya kila chafya niliacha kaa la moto, dogo kuliko punje ya mtama. Linapoa kwa mwendo wake. Mvua haiwezi kuliharakisha, na mwenyekiti hawezi kulichelewesha. Chimbeni, mguse. Lililopoa zaidi ndilo la zamani zaidi."

Wakachimba. Juu ya majivu ya chafya ya karibuni, yaliyokuwa bado yanaunguza vidole, walikuta mifupa ya babu zake Kiboko, minene na yenye kujiamini. Chini zaidi, penye majivu ya vuguvugu, ulikuwepo ukoo wa Kobe. Punda Milia akaomba shauri lake liahirishwe. Na chini kabisa, chini ya majivu yaliyokaribia kupoa, walikuta matope yaliyogeuka jiwe, na juu yake alama bapa kama majani, nyingi, zimelala pamoja.

Bi Teketeke akajiburuta mpaka pale, akajilaza juu ya alama moja. Ikamtosha, ukingo kwa ukingo.

"Huyu ni mama yangu," alisema.

Kiboko alitazama, akakohoa, akatangaza kwamba Baraza lilikuwa likilijua jambo hilo siku nyingi. Kisha akafanya kitu ambacho hakuwahi kumfanyia yeyote: akasogea. Bi Teketeke akateleza majini, akajikunjua.

Na tangu siku hiyo, mfupa hauulizwi umri wake. Wataalamu wanaokuja kuchimba bondeni kwetu wakiuokota, huufunga vizuri kwenye pamba, kisha huenda kugonga mawe ya majivu yaliyo juu yake na yaliyo chini yake, wapime ni kiasi gani cha moto wa lile kaa kimebaki. Wapo wanaowashangaa. Sisi wa hapa, ambao karani wa vitambulisho, kwa kukosa ushahidi, alituandika wote kuwa tumezaliwa tarehe mosi Januari, hatuwashangai. Hawana ugomvi na mfupa. Ni kwamba mfupa nao uliwahi kuwa na kiu, na Mlima hanywi.