Kwa Nini Mgeni wa Mafigani Huletewa Moto na Jirani

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime, maana hadithi hii siirudii. Hapa mnapopaona leo, penye stendi ya mabasi ya mikoa minane, na hospitali ya rufaa, na chuo kikuu chenye wanafunzi wasiojua kusalimia, palikuwa mbuga tupu. Hapakuwa na kichaka cha kumficha hata kanga. Palikuwa na udongo mweupe wenye chumvi, basi, na kwa ajili ya udongo huo watu walikuwa tayari kutoana roho.

Kusini waliishi watu wa mtama, kaskazini watu wa ng'ombe. Kila kiangazi walikuja wote, hawa upande huu wa kijito kikavu, wale upande ule. Walikwangua udongo, wakauchuja kwa maji, wakayachemsha maji yale vyunguni mpaka yakakauka na chumvi ikabaki. Mvua ya kwanza ikidondoka, kila mtu alifunga mzigo wake akarudi kwao.

Lakini hakuna aliyeondoka kabla ya kubomoa mafiga yake, yale mawe matatu aliyotelekea chungu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya mpaka. Mafiga yaliyosimama yalihesabiwa kuwa nyumba, na mwenye nyumba alihesabiwa kuwa mwenye nchi. Mwaka mmoja mzembe fulani alisahau kung'oa jiwe moja. Jiwe moja tu, jamani! Watu wakapigana misimu miwili. Tangu hapo kila upande ulituma watu wake kukagua upande wa pili baada ya mvua kuanza.

Kwa hiyo palikuwa mahali pa watu wengi na pasipo na mwenyeji. Pangeendelea kuwa hivyo mpaka leo, na mimi nisingekuwa na kiti hiki wala nyinyi msingekuwa na masikio ya kunisikilizia hapa, kama si Nkwimba.

Nkwimba alikuwa mjane wa watu wa mtama. Homa ilimchukua mumewe yeye akiwa na mimba, naye akaja kwenye chumvi hivyo hivyo na tumbo lake, kwa sababu chumvi ilikuwa ndiyo chakula cha mwaka mzima. Siku mvua ya kwanza ilipodondoka alijifungua mtoto wa kiume, kabla ya miezi yake kutimia. Alikuwa mdogo hata mtu aliogopa kumshika. Nyumbani kulikuwa mwendo wa siku nne.

Mkuu wa kambi alikuwa Lugata, kaka yake wa tumbo moja.

"Dada, bomoa mafiga twende," alisema. "Watu mia wamesimama na mizigo kichwani, wanakungoja wewe."

"Nikibomoa, maji ya kumkanda mtoto nitayachemshia wapi? Njiani, kwenye mvua?"

"Wakiyakuta yamesimama watasema tumeichukua nchi. Watu watakufa, Nkwimba."

"Na nikiondoka atakufa huyu. Nenda, kaka. Waambie ulinikataza nikakataa."

Lugata alilia, na hakujificha kulia. Alimwachia nusu ya mtama wake na kibanda cha nyasi, akawaondoa watu. Wapo wanaomlaumu hadi leo. Mimi simlaumu sana, maana watu mia si mzigo mdogo.

Siku ya tatu mvua ilishuka kwa hasira. Kibanda kikavuja na moto ukazimika. Nkwimba alimweka mtoto kifuani, akamfunika kwa nguo yake moja iliyokuwa kavu, lakini mtoto alizidi kupoa, na kilio chake kikawa chembamba mpaka kikakoma. Hapo ndipo wakaguzi wa watu wa ng'ombe walipofika.

Walikuwa wanaume sita wenye mikuki na ngao, na mbele yao bibi mmoja mkongwe aitwaye Udagwenga. Mchungaji wao mmoja wa ng'ombe alikuwa amewapa habari za mwanamke mwenye kichanga, na kwao mwanamume hafiki kwa mzazi bila mwanamke mtu mzima kumtangulia. Kijana mmoja mwenye pupa alipoyaona mafiga alikanyaga jiwe ili alisukume.

"Ondoa mguu wako," alisema Udagwenga.

Alimgusa mtoto. Hakuuliza ni wa nani wala nani amemruhusu nani. Alimchukua, akamtia kifuani mwake chini ya vazi lake la ngozi, kisha akawageukia wale wanaume.

"Mnatazama nini? Kimbieni nyumbani kwangu mkalete moto!"

Boma lake halikuwa mbali. Basi wanaume sita waliotoka kwao kwa vita walirudi wakikimbia, wakachota makaa ya moto katika jiko la bibi yule, wakaja nayo kwenye vigae vya vyungu huku wameyafunika kwa ngao yasiloe. Laiti ningeona! Udagwenga aliyamimina makaa katikati ya mafiga ya Nkwimba, akapuliza, na moto ukawaka. Jua lilipoinama mtoto alilia kwa sauti, na Nkwimba akalia zaidi yake.

Ndipo wale wanaume wakakumbuka kilichowaleta. Walitazamana. Kwao moto uliotoka katika nyumba ya mama mkongwe hauzimwi na mkono wa mtu mwingine, ni sawa na kumtemea mate usoni. Na mafiga wangeyabomoaje huku moto wa mama yao unawaka katikati yake? Walikuna vichwa, wakaondoka. Udagwenga alibaki, na msimu ule wote walimletea maziwa.

Kiangazi kilipofika, Lugata alirudi na watu arobaini wenye pinde. Alikuja kuokota mifupa na kulipa kisasi. Alimkuta dada yake amenenepa, mtoto anatambaa, na bibi wa watu wa ng'ombe amekaa jikoni kama aliyezaliwa pale. Damu ilimpanda. Aliona amechezewa na nchi imekwenda.

"Huu moto ni wa nani?" alifoka.

"Moto ni wao," alisema Nkwimba. "Mawe ni yetu. Haya kaka, chagua cha kubomoa."

Lugata aliinua mguu, akaushusha. Akibomoa mawe, amewavunjia nyumba watu wake mwenyewe. Akizima moto, amewatukana watu waliomponya mpwa wake. Mwishowe aliweka upinde chini, akakaa karibu na Udagwenga.

"Kuna uji?" akauliza.

Mwaka ule mvua ilipokuja, wanawake kumi wa mtama walikataa kubomoa mafiga yao, wakaomba moto kwa watu wa ng'ombe. Wenzao wa ng'ombe wakapanga mawe yao ng'ambo ya kijito, wakaomba moto kwa Nkwimba. Baadaye walikuja wahunzi, wakaja wauza nguo kutoka pwani, wakaja wajenzi wa reli, walimu, mafundi magari, wakimbizi wasio na kitu mkononi. Kila aliyefika alipanga jiko lake, na jirani asiye wa kabila lake akamletea moto. Mnara wa kwanza ulisimama, kisha soko la ghorofa mbili, kisha uwanja wa ndege, na mbuga ile ya kukimbiwa ikawa mahali ambapo kanda nzima inakuja kutibiwa, kusoma na kuoa!

Na siku tulipotangazwa kuwa jiji, alihamia hapa ofisa mkubwa, na mkewe akawasha jiko la gesi bila kungoja. Jirani yake, muuza samaki, aligonga mlango ameshika makaa kwenye koleo. "Karibu Mafigani, mama," alimwambia. "Zima huo, uwashe na huu." Mama yule alitazama makaa, akamtazama muuza samaki, akazima.

Na tangu siku ile ya Nkwimba na Udagwenga, hapa hakuna awezaye kusema jiji hili ni lake, wala awezaye kumwambia mwenzake arudi kwao. Tumefika watu laki sita, na hakuna hata mmoja aliyepika chakula chake cha kwanza kwa moto aliojiwashia mwenyewe.