Taa ya Kumlaza Kibwana

Sogeeni. Mwenye ubishi akae mbele, mwenye usingizi akae nyuma, na mwenye jibu tayari alimeze kwanza, maana hata kesi hajaisikia.

Walikuwapo mabinti watatu, watoto wa kaka zake Bi Mwanamvua wa Ngamiani, mjini Tanga. Wa kwanza, Salha, alikuwa fundi umeme. Akiweka kiganja ukutani alijua waya mbovu ulipo, kama mama anavyojua homa ya mwanawe kabla haijapanda. Wa pili, Saumu, alisuka katani. Mpe fungu la nyuzi za mkonge asubuhi, jioni atakurudishia kikapu, mkoba, au kitu ambacho hata yeye hajakipa jina. Wa tatu, Tunu, hakujua kushika bisibisi wala sindano. Alijua kutazama. Watu walimwita mvivu, kwa sababu anayetazama hatoki jasho. Lakini mtaa mzima ukipoteza pete au kuku, hakuna aliyekwenda kugonga kwa mwingine.

Na shangazi yao naye alikuwa na kipaji chake, kuvumilia. Ndicho kile ambacho wanawake hupewa bila kukiomba, kisha wakadaiwa kila siku.

Mumewe, Mzee Kibwana, alikuwa fundi cherehani. Alishona katika chumba cha mbele, chenye mlango wake wa barabarani, mpaka mgongo ulipomwangusha kitandani. Akalala miezi saba. Kidonda cha mgongoni kilitaka kusafishwa mara tatu kwa siku, basi wakafunga darini taa ndefu nyeupe, kali kama ya chumba cha upasuaji, ili Bi Mwanamvua aone anachokisafisha. Taa ile haikuzimwa. Chini yake Kibwana alikonda, akageuzwa ubavu kwa ubavu, akawa anasema, "Mwanamvua, taa." Mkewe akidhani anataka iongezwe mwanga, anamwambia, "Iko, mume wangu, inawaka." Chini yake akakata roho, macho wazi.

Msiba ulipopoa na wageni wakaondoka, Bi Mwanamvua alibaki na eda yake, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba. Usiku wa kwanza alioingia chumbani peke yake, aliwasha taa, akaona ukutani, upande wa mumewe, kivuli cha mtu aliyeketi ukingoni mwa kitanda, kichwa kimeinama. Akaizima. Swichi ilipolia tu, kabla giza halijatulia, akasikia godoro likipumua kama mtu anayeinuka. Tangu hapo alilala sebuleni, kwenye mkeka.

Sasa msikilizeni shemeji. Bwana Hamdani, mdogo wa marehemu. Miezi saba mgonjwa anageuzwa, hakuna siku aliyokuja kuuliza, "Shemeji, wewe mwenyewe unalala saa ngapi?" Lakini eda ilipobakiza siku arobaini, alifika. Akasimama nyuma ya pazia, kama desturi inavyotaka, akasema na pazia.

"Nasikia unalala chini, shemeji."

"Nalala panapokuja usingizi."

"Mwenye nyumba hakimbii chumba chake. Siku ya kutoka eda nitakuja na swali moja. Kama bado uko sebuleni, utahamia kwangu Muheza. Kuna chumba cha uani, kizuri, karibu na mabanda ya mbuzi. Nyumba hii tutaipangisha."

"Tutaipangisha nani na nani?"

Viatu vilikwenda zake.

Jioni ile Bi Mwanamvua aliwaita mabinti, akawasimulia habari ya kivuli. Akasimama kwenye mlango wa chumba, akaiwasha ile taa, na huku akiutazama ukuta, si wao, akasema, "Atakayenirudishia usingizi humu ndani, mmoja, huyo nitampa chumba cha mbele, na ufunguo wake. Kibwana, umesikia."

Saumu akamnong'oneza Salha, "Anaongea na nani?"

"Na marehemu."

"Toba!"

"Wewe unafikiri chumba ni cha nani?"

Wa kwanza kuingia kazini alikuwa Salha. Aliona chandarua kimefungwa fundo juu ya kitanda, akacheka. "Shangazi, mwenyewe ndiye huyu! Fundo hili ndilo kichwa, huku mabega." Akapanda stuli, akakifungua, akakikumbatia kifuani. "Haya, tazama sasa."

Bi Mwanamvua akatazama. "Bado yupo."

Chandarua kilikuwa mikononi mwa Salha. Hakucheka tena.

Lakini Salha si mtu wa kushindwa na taa. Aliing'oa ile ndefu nyeupe, akaitoa mpaka uani. Akaleta balbu ndogo, ya mwanga wa rangi ya samli iliyoyeyuka. Akaifunga darini, na badala ya swichi yenye mlio akaweka ya kuzungusha, karibu na kitanda, kama ile ya kupunguzia sauti ya redio. "Ukali ndio uliokuwa ukikuamsha, na mlio ndio uliokuwa ukikushtua," alisema. "Sasa punguza taratibu. Giza lije lenyewe, lisikurukie." Bi Mwanamvua aliingia akalala. Kwa mara ya kwanza chumba hakikunuka dawa, ingawa dawa zilikwisha kutupwa zamani. Akazungusha swichi kidogo, na kidogo, na kidogo. Godoro halikupumua. Lakini kabla mwanga haujaisha alimwona ukutani, ameketi vilevile, sasa rangi ya samli. Akatoka na mto wake.

Zamu ikawa ya Saumu. "Hiyo balbu iko uchi," alisema. "Hata mimi mtu akinitazama bila kope, silali." Akasuka kofia ya katani ya kuivika taa, duara, pana chini, nyuzi zikipishana kwa nafasi. Nje ilipendeza ajabu. Walipoiwasha, mwanga ulipenya kwenye zile nafasi, ukachora ukutani mistari iliyopinda, mmoja baada ya mwingine, kutoka juu mpaka chini.

Bi Mwanamvua alishika mdomo. "Mbavu zake," akasema. "Zilikuwa hivyo. Nilizihesabu nikimwogesha."

Saumu aliilia kazi yake, akaifumua, akaisuka upya nyuzi zikigusana, kisha ndani akaitandika kipande cha kanga ya shangazi yake, iliyochakaa mpaka ikawa laini kama utando wa maziwa. Mwanga ukatoka umetulia, hauna kingo. Ukimwagika juu ya shuka, huwezi kusema umeanzia wapi. Mbavu zikafutika. Hata mikunjo usoni kwa Bi Mwanamvua ilipungua. Akalala, akafumba macho, akahisi mabega yake yakishuka, mabega ambayo hayakuwa yameshuka tangu mwaka jana. Akafumbua. Kibwana ameketi.

Zilibaki siku saba.

Tunu siku zote zile alikuwa akitazama tu. Alasiri moja alifunga madirisha ya chumba, akawasha taa, akajilaza kitandani upande wa marehemu, chali. Dada zake waligonga mlango.

"We Tunu! Unalala mahali pa maiti?"

"Natazama."

"Unatazama nini, darini kuna nini?"

"Ndiyo hicho ninachotazama."

Alikaa mpaka adhana ya magharibi. Alipotoka hakutania mtu, na chai yake ilipoa mbele yake. Kisha akauliza polepole, "Shangazi, pale ukutani huwa anakutazama wewe?"

"Hapana. Anatazama mikono yake."

"Basi hajakaa kukutisha. Amekaa kwa sababu hawezi kulala. Taa iko juu ya macho yake. Nimejilaza pale, hata nikifumba inapenya. Alipokuwa akikwambia 'taa', alikuwa hataki uiongeze."

Bi Mwanamvua akaweka kikombe chini, kikagonga sahani. Miezi saba. "Iko, mume wangu, inawaka." Hakulia. Alikunja kiganja kimoja ndani ya kingine, akavibana mpaka vikawa vyeupe.

Tunu akasema, "Iteremsheni." Salha akashusha waya kutoka darini, akaupitisha ukutani mpaka chini, Saumu akaipunguza kofia, akaiziba juu ili mwanga usipande. Tunu akaichukua taa, akaizungusha chumba kizima kama paka anayetafuta pa kuzalia, mara pembeni ya kabati, mara dirishani. Mwishowe akaiweka juu ya stuli fupi upande wa shangazi yake, kimo cha godoro. Akarudi nyuma hatua mbili, akaisogeza kiasi cha upana wa kidole. "Hapo."

Usiku ule Bi Mwanamvua aliingia, akapunguza mwanga mpaka ukabaki kama kaa lililofunikwa jivu. Juu, dari ilikuwa na giza la kupumzisha. Akageuza shingo kuutazama ukuta. Kibwana hakuwa ameketi. Alikuwa amelala. Kivuli kilikuwa chini, kirefu, sambamba na kitanda, mgongo kwake, kama alivyokuwa akilala enzi za uzima wake, siku za kushona nguo za Idi, akiwa amechoka. Bi Mwanamvua alisogea kidogo kumwachia nafasi. Akasinzia, akaamshwa na jua.

Hapa ndipo hadithi za watu wengine huishia, wakala pilau. Yetu hapa ndipo inapochacha.

Asubuhi ile ile mabinti walianza.

"Ufunguo ni wangu," alisema Salha. "Bila umeme wangu, kofia ni kikapu tu na stuli ni stuli. Na mlio wa swichi, aliouondoa nani?"

"Umeme ulikuwamo humu miezi saba ukimtesa mtu!" alijibu Saumu. "Mwanga wako mtupu ulimtoa shangazi na mto kwapani. Mimi ndiye niliyeufanya mwanga uweze kukaa na binadamu."

"Ukamchorea mbavu."

"Nikazifuta! Wewe ulifuta nini?"

Tunu akasema, "Nyinyi mlitengeneza taa. Mimi nilijua inamtesa nani."

"Umesogeza stuli, Tunu! Upana wa kidole!"

"Basi irudishe kidole kile, tuone."

Hakuna aliyeirudisha.

Shangazi aliomba siku ya kufikiri. Usiku wa pili akalala, lakini kabla ya usingizi aliona kivuli kimeinua kichwa kidogo juu ya mto. Akaomba siku nyingine. Usiku wa tatu kilikuwa kimejiegemeza kwenye kiwiko. Taa ilikuwa mahali pake, balbu ile ile, kofia ile ile. Bi Mwanamvua akaelewa. Alikuwa ameapa mbele ya mwenye chumba, na mwenye chumba alikuwa anangoja kusikia nani amepewa.

Siku ya kutoka eda ilifika. Wanawake walimwogesha, wakamvika nguo mpya, wakamfukiza udi. Hamdani akaja, safari hii pazia limefunguliwa, akauliza swali lake. Akajibiwa kuwa analala chumbani, tena usiku wa sita huu unaokuja. Akatabasamu kama mtu aliyelamba ndimu.

"Na chumba cha mbele umempa nani? Mpe fundi, kazi ni ya fundi. Hawa wengine walipamba tu. Au wape wote, wagombane vizuri. Mimi nitapita tena wiki ijayo, kuuliza unalala wapi."

Jamani, naombeni msinikatize. Mtu ambaye hakuleta hata kiberiti ndiye anayepima nani alileta mwanga! Lakini tusimpe muda wetu. Tumrudie mwanamke aliyeketi kitandani mchana kweupe, ufunguo mmoja mkononi, mabinti watatu mlangoni. Akimpa mmoja bila haki, kiapo hakijatimia. Asipompa yeyote, usiku huu au kesho kivuli kitaketi, naye atatoka na mto wake, na Muheza kuna chumba karibu na mabanda ya mbuzi.

Msiniambie wagawane: shangazi alisema "mmoja", na aliyeambiwa amesikia. Msiniambie apewe mwenye shida kuliko wenzake: kiapo hakikuuliza shida, kiliuliza usingizi. Msiniambie ni kivuli tu. Mkamwambie hayo yeye aliyeona kiwiko.

Salha aliondoa ukali, akalifundisha giza kuja taratibu. Saumu aliupa mwanga ngozi. Tunu alijilaza mahali ambapo hakuna aliyethubutu, akajua nani hasa alikuwa hajalala.

Magharibi inaingia. Bi Mwanamvua amenyanyua mkono wenye ufunguo, na mabinti wote watatu wamenyoosha yao. Je, wewe, uliyekaa mbele na ubishi wako, ungeuweka katika mkono upi?