Mji Uliopigwa Sakafu

Kng! Kng! Kng!

Mmesikia, wanangu? Hapana, si hapa kwetu, msinikamate hivyo, mimi mwenyewe mwoga. Ni sauti ya zamani hiyo. Chuma juu ya chokaa, usiku wa manane, watu wamelala. Bibi yangu alianzia hapo kila siku, nami nikajifunika shuka mpaka kichwani. Sasa nina mtoto mgongoni na bado naogopa pale pale.

Nikisema "Upo mji," semeni "Upo!"

Upo mji!

Upo, na ulikuwepo, zamani za nyuma ya zamani, wakati ukuta ulikuwa bado ukiomba ruhusa kwa mgomba kabla ya kusimama. Mji wenyewe ukiitwa Kiungwe. Na Kiungwe mtu alipojenga nyumba hakupima chumba kwanza, wala hakupima mlango. Akipima ua. Mama mwenye nyumba akikaa chini, akinyoosha miguu kama anayechambua kunde, fundi akichora mstari kuzunguka pale. Hapo hapajengwi. Hapo ni pa mboga. Kuta zikaja baadaye, zikazunguka mchicha kama watu wanavyozunguka sinia.

Maji ya kuogea yakipita kwenye mfereji mdogo, yakienda kwa migomba. Maji ya kuoshea mchele yakienda kwa bamia. Mtungi ukivunjika haukutupwa, ukipandishwa darini, ukatiwa udongo, ukaota nyanya. Bibi aliniambia mung'unye wa huku ukivuka ukuta ukilala kule, na asubuhi ugomvi.

"Shoga, mung'unye wako umelala kwangu!"

"Umelala tu? Hujaupikia chai?"

Basi wanacheka, wanaukata katikati, kila mtu na nusu yake. Ah, mji ule! Sikuuona, lakini nikiusimulia nasikia harufu ya mrehani.

Na mtoto akizaliwa, sikilizeni hapa, ndipo penyewe, kitovu chake kikianguka kilizikwa pale pale uani, juu yake pakapandwa chipukizi la mgomba. Mtoto akaulizwa ukubwani, "We wa wapi?" Akajibu, "Wa mgomba wa tatu, kwa Mwinyikai." Basi, amejulikana, ana chumba, ana haki, hakuna wa kumsogeza. Na ambaye kitovu chake hakikupata udongo? Huyo alikuwa mgeni aliyezaliwa ndani. Wakubwa wakifa, anatolewa nje na mkeka wake.

Upo mji!

Upo, na ukapata Jumbe. Jumbe akasafiri, akaona huko alikokwenda mji mweupe, jiwe tupu, hakuoti hata jani. Akarudi uso umembadilika. "Sisi tunaishi kama panya wa shambani," akasema. "Shamba liwe shamba, mji uwe mji. Kila ua upigwe sakafu. Na atakayeivunja atatoka langoni na alichobeba, asirudi."

Mnadhani watu walilia? Wapi! Kupiga sakafu ilikuwa ngoma, wanangu. Kulikuwa na pilau, kulikuwa na tarumbeta, wanawake wamejipanga safu mbili na vipande vya mti mkononi, huyu anaimba "Piga!" yule anajibu "Ilale!" Piga, ilale, piga, ilale, siku arobaini, nyumba hata nyumba, kila mtaa unataka uushinde mtaa wa pili. Wakaipiga chokaa juu ya mchicha wao wenyewe, juu ya bamia, juu ya migomba iliyokatwa, na jasho linawatoka na wanacheka. Bibi alikuwa akifika hapa anasema, "Waliimba vizuri sana siku zile." Basi.

Ngoma ikaisha. Mji mweupe, unaumiza macho. Joto likapanda kutoka chini. Maji ya kuogea hayana pa kwenda, yanakaa yanakutazama. Mboga sasa mnangoja langoni mpaka waje watu wa mashamba, wakichelewa mnakula ugali na chumvi. Na watoto wakazidi kuzaliwa, vitovu vikaanguka, pa kuzika hapana! Mama zao wakavifunga kwenye pindo za nguo, wakawa wanatembea navyo, vitovu kumi na vinne mji mzima, hakuna anayesema neno.

Cha kumi na tano kilikuwa cha binti wa Mwanatumu. Msichana tu Mwanatumu, uzazi wake wa kwanza, mumewe safarini, anakaa kwa baba mkwe wake, Fundi Mwinyikai, mzee aliyejenga nusu ya mji na aliyesimamia sakafu zote. Siku ya saba kitovu kikaanguka. Akakitazama kiganjani, kidogo kama kokwa ya tende. Akamtazama mwanawe. Akaona siku mkeka unatupwa nje.

Ndiyo ile sauti. Kng! Kng! Kng! Majirani wakavuta shuka, "Jini hilo, msitoke!" Lakini mzee Mwinyikai hakusikia jini. Alisikia tindo yake ya kuchongea mawe. Fundi anaijua sauti ya tindo yake kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Akachukua taa akatoka uani.

"Nani hapo?"

"Mimi, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Unafanya nini?"

Msichana akataka kudanganya, uongo ukakataa kuja. "Navunja nyumba yako, baba."

Mzee akainamisha taa. Akaona shimo, akaona vidole vinavyotoka damu, akaona kile kitu kwenye pindo. Mwanatumu akaanza kulia, maneno yanamtoka yote mara moja, nifukuze mimi, baba, mimi nitatoka, lakini huyu mtoto umwachie chumba, hana kosa, hajui hata chokaa ni nini.

"Na unaivunja vibaya," mzee akasema.

"Ee, baba?"

"Hapo chini nimepanga mawe. Utachimba mpaka huyo mtoto aolewe." Akahesabu hatua kutoka mlangoni, akapiga magoti taratibu, magoti ya uzee, akagonga kwa kifundo cha kidole. Ngu, ngu. "Sikiliza. Hapa chokaa ni ganda la yai. Chini yake mkeka, chini ya mkeka udongo wako. Ni pale alipokaa marehemu mama mkwe wako, akanyoosha miguu."

"Ulijua?"

"Nilifanya. Kila nyumba. Wao wakiimba, mimi natandika mkeka."

"Na mbona hukusema?"

Mzee akaweka taa chini. "Mke wa mwanangu, nina miaka sabini na niliogopa. Zika. Na usimwambie mtu."

"Sitamwambia mtu mwingine, baba."

Akazika. Asubuhi akamwona jirani yake kisimani ameshika pindo la nguo. Ungefanyaje wewe? Akamwambia huyo mmoja tu. "Lakini usimwambie mtu." Naye akamwambia dada yake tu. Na dada yake wifi yake tu. Mvua moja ikapita.

Siku hiyo Jumbe anapita njiani, anaona juu ya ukuta jani.

"Jani gani lile?"

"Lipi, Jumbe?"

"Lile la kijani!"

"Ah, macho hayo, Jumbe wangu. Uzee dawa yake hakuna."

Akaenda mtaa wa pili, majani matatu. Wa tatu, hakuhesabu. Akarudi kwake, anaita askari wa lango, leo watu watatoka! Mkewe akamwekea sahani. "Kula kwanza." Akala. Yalikuwa matembele ya nazi, laini, ya asubuhi ile ile.

"Umenunua langoni?"

"Sijatoka leo."

Jumbe akainuka, akazunguka ua wake mpaka nyuma ya ghala. Sakafu imefunuliwa upana wa miguu ya mtu, matembele yametambaa, na katikati chipukizi la mgomba.

"La nani hili?"

"La mjukuu wako," mkewe akasema. "Mama yake alikuwa akilia usiku, nawe umelala. Haya, waite askari. Tuanzie hapa."

Askari wako mlangoni. Jumbe akarudi penye sahani. Akachukua bakuli la maji aliyonawia, akayamwaga pale chini ya mgomba, yakanywewa.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

Wanangu, nyumba isiyomwachia udongo mtoto wake ni sanduku, hata iwe nyeupe vipi. Mji hupimwa ua kwanza. Hadithi yangu nimeifukia hapa, atakayeitaka achimbe kwa mkono wake.

Jumbe akawaambia askari warudi langoni. Kisha akainama, akamnong'oneza mkewe: "Basi na mimi sitamwambia mtu mwingine."